Jahazi Lenye Jina Langu

3 Mei, Bozburun

Leo jahazi limeshuka majini, na mimi na kaka yangu Rüştü hatujasemezana hata neno. Akitaka kitu anamtazama Durmuş. Nikitaka anipishe nipite na sufuria, nami namtazama Durmuş. Durmuş ni baharia wetu tangu enzi za baba, mtu wa miaka sitini na ushee, mwenye masharubu na subira. Kabla ya adhuhuri subira ilikuwa imekwisha, yamebaki masharubu.

"Nahodha anauliza kama gesi imeingia," ananiambia. Na huyo nahodha kasimama mgongoni kwake, hata pua yake naiona!

"Mwambie nahodha gesi imeingia tangu jana. Angekuwa na macho angeiona."

"Imeingia," Durmuş akamwambia.

"Nimesikia," akasema Rüştü. Alikuwa anamwambia Durmuş, si mimi.

Niandike ilivyokuwa, asije mtu akanibadilishia maneno. Ilikuwa arobaini ya baba. Maulidi yamesomwa, watu wanakula, sisi wanawake tunagawa halua, mara Rüştü kasimama mlangoni anatangaza mbele ya mji mzima kwamba jahazi anamuuzia Tayfun, yule mwenye hoteli ya Marmaris. Tayfun ataliweka kwenye nyasi, bustanini, alifanye baa. Jahazi aliloliunda baba kwa mikono yake, likae kwenye nyasi watu walewe humo! Nusu ni yake, nusu ni yangu, na bila saini yangu haliuziki. Nikamwambia thubutu.

"Basi sikusemezi mpaka utie saini," akasema.

"Nami sikusemezi mpaka uniombe radhi na wazo hilo ulitupe baharini."

Kwetu watu wakishasusana hivyo, atakayefungua mdomo kwanza ndiye aliyeshindwa. Kuna wazee hapa Bozburun wamezikwa bila kusemezana kwa sababu ya mbuzi. Wageni wa msimu huu, watalii tunaowatembeza baharini, walikuwa wamekwisha kuahidiwa, kwa hiyo Durmuş akatupatanisha kwa hilo moja tu: tufanye kazi mpaka mwezi wa kumi, Tayfun aje na karatasi zake, hapo ndipo ijulikane. Yeye nahodha, mimi mpishi, kama tulivyokuwa siku zote.

Jahazi linaitwa Nebahat. Mimi ndiye Nebahat. Baba alilimaliza mwaka niliozaliwa akalipa jina langu, na nitamwona huyo atakayelipandisha kwenye nyasi.

11 Mei

Mvua. Wageni wa kwanza wametapika wote. Hatujasemezana.

19 Mei

Rüştü hapendi mnanaa tangu utotoni, akiunusa tu anakunja uso. Leo nimetia mnanaa kwenye mtindi, kwenye supu ya dengu, kwenye wali wa kujazia pilipili hoho, hata kwenye nyanya. Wageni wamesifu sana. Yeye amekula mkate mkavu na zeituni, kimya, huku akinitazama kama anayehesabu mifupa yangu.

Nimelala usingizi mtamu.

2 Juni, Selimiye

Amelipiza. Kila nikiwasha mafuta nikaange biringanya, anageuza jahazi ubavu kwa mawimbi. Nikizima, linatulia. Nikiwasha, linayumba. Leo mafuta yamenirukia mkononi. Nilitaka kupanda juu nimwambie yanayomstahili, nikafika hadi ngazi ya tatu ndipo nikakumbuka kwamba nikimsemeza tu, nimeliuza jahazi. Nikarudi chini, nikayaambia majokofu maneno yale yale.

Mgeni mmoja, mwalimu mstaafu wa kutoka Ankara, kaniuliza kwa upole tumeachana lini.

"Nani na nani?"

"Wewe na nahodha."

Audhubillahi! Nimemwambia ni kaka yangu, tumbo moja. Akasema, "Ah, hiyo ni mbaya zaidi," akaenda zake kuogelea.

14 Juni

Nimemuuliza Durmuş mbona hatupatanishi, yeye mtu mzima, mcha Mungu. Alikuwa anasuuza sitaha, hakuinua kichwa.

"Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime," akasema. "Mimi nalima."

30 Juni

Joto. Hatujasemezana.

9 Julai, Selimiye

Leo nilimkuta Durmuş peke yake gatini, nikaanza kumsema kakangu. Kwamba ni tamaa tu inayomsumbua. Kwamba baba hata udongo haujakauka. Kwamba mtu anayeuza jasho la baba yake atauza na meno yake. Durmuş akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza:

"Unajua kule kwenye mkahawa wa manahodha wanamwitaje?"

"Wanamwitaje?"

"Nebahat."

Nikacheka. Nisiseme uongo hapa, nilicheka hadi nikashika tumbo. Kumbe ni hivi: kwenye redio nahodha haitwi kwa jina lake, anaitwa kwa jina la chombo. "Nebahat, Nebahat, Nebahat," wanaita, naye anajibu, "Nebahat nasikiliza." Ndivyo anavyojibu kila siku tangu baba alipomkabidhi usukani, miaka thelathini sasa. Wenzake wana Kimbunga, wana Tai wa Bahari, yeye ana Nebahat. Akiingia mkahawani wanapiga kelele: "Bibi Nebahat kafika! Mpisheni mama wa watu akae!" Na wakati wa harusi yake mmoja alimtumia shada la maua limeandikwa jina hilo.

"Utani wa wanaume," nikasema.

"Utani ni wa siku moja," akasema Durmuş. Yeye hakucheka. "Wewe ulikuwa mchanga, hujui. Mwaka jahazi linaundwa yeye alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakucheza mwaka mzima. Alimshikia baba yenu misumari, akachemsha lami ya kalafati, ya kuzibia nyufa za mbao, mkono wake una kovu la lami hiyo mpaka leo. Alidhani litaandikwa Rüştü. Siku ya kushusha wakavuta kitambaa, wote tukasoma. Kilichofuata ni baba yenu kukunyanyua juu watu wakupigie makofi, nawe ulikuwa umejikojolea."

Hayo hakuna aliyewahi kuniambia. Lakini hata hivyo! Mtu na akili zake auze chombo kwa sababu ya hilo? Mtu mzima, ana wajukuu!

Leo sikutia mnanaa. Ulikuwa umekwisha.

22 Julai

Upepo wa kiangazi siku tatu mfululizo. Wageni wanalalamika, chumvi imeingia hata kwenye sukari. Hatujasemezana.

6 Agosti, karibu na Datça

Wageni wa wiki hii ni wasumbufu: mbona hatutweki tanga, mbona tunakwenda kwa injini, walipoambiwa jahazi walidhani ni jahazi kweli. Kila msimu wapo wa namna hii. Kwa kawaida Rüştü hupandisha tanga moja kwa dakika kumi wapige picha, kisha analishusha.

Leo alizima injini. Akapandisha yote matatu, yeye na Durmuş, mishipa ya shingo imewatoka. Nilihisi sakafu ya jikoni inainama taratibu, sufuria zikateleza upande mmoja zikatulia huko huko. Hakuna mngurumo, maji tu yanasuguana na mbao. Nikapanda juu na kisu mkononi, nusu ya kitunguu bado sijakata.

Rüştü alikuwa kwenye usukani. Hakuniona. Alikuwa anatazama juu, penye mshono wa tanga kubwa, mdomo wazi kidogo, na uso wake ulikuwa mwororo kama wa mtu anayemtazama mwanawe akila. Tukaenda hivyo mchana kutwa mpaka Datça. Wageni wenyewe walichoka wakalala.

Mtu anayetaka kuuza hatazami tanga namna ile. Nimekasirika upya, tena zaidi. Ingekuwa tamaa ningeielewa!

20 Agosti

Tayfun alikuja na boti yake ya kasi, viatu vyeupe, tepu ya kupimia mkononi. Alipima sitaha, akapima jikoni kwangu bila kubisha hodi.

"Hapa litakaa friji la bia," akaniambia. "Mlingoti wa mbele nitaukata, unaziba mandhari."

"Mandhari ya nini? Ya bwawa lako la kuogelea?"

"Ya bwawa, ndiyo."

"Ukiona vyaelea, vimeundwa, Bwana Tayfun. Hiki kimeundwa na mtu. Hakikuokotwa."

"Kwangu hakitaelea," akasema akicheka, akaendelea kuandika vipimo. Nikamwaga maji ya kuoshea samaki kupitia dirishani bila kuangalia nani yuko chini kwenye boti yake. Yalimpata dereva wake, maskini, si yeye.

Rüştü muda wote alikuwa omo, mbele kabisa, anakunja kamba iliyokwisha kukunjwa.

4 Septemba

Umebaki mwezi na kidogo. Hatujasemezana. Durmuş anasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimemwambia aache methali akamenye viazi.

11 Septemba, ghuba ya Kumru

Niandike yote, na niandike kama yalivyokuwa.

Asubuhi bahari ilikuwa shwari. Tulikuwa tumetia nanga omo na kufunga kamba ya tezi, ile ya nyuma, kwenye jabali la ufukweni, kama wafungavyo wote. Durmuş aliwapeleka wageni nchi kavu, Rüştü akawaongoza kupanda mlima wakaone makaburi ya kale. Kabla hawajaanza kupanda, Rüştü akamtuma Durmuş kijijini, nyuma ya rasi, akalete mikate, naye Durmuş akaenda na boti ya mpira. Nikabaki peke yangu jikoni, natia wali kwenye maua ya mamumunya.

Redio ikaita.

"Nebahat, Nebahat, Nebahat."

Sauti ya Rüştü. Ana redio ya mkononi, huenda nayo popote. Nikapanda hadi kwenye usukani, nikasimama mbele ya kile kidude. Hilo ndilo jina la jahazi, nikajiambia, anaita jahazi. Lakini jahazini hakuwamo mtu ila mimi, na yeye ndiye aliyemtuma Durmuş. Nilijua. Ebu niliandike vizuri: nilijua.

"Nebahat, Nebahat, Nebahat."

Mkono wangu ulikuwa juu ya kipaza sauti. Moyo ukaniambia, aha, kumbe leo mwenyewe anafungua mdomo! Mwache avuke kabisa. Aseme "dada." Akisema dada nitaitika, hapo hatakuwa na pa kujitetea, kashindwa, jahazi limebaki. Nikiitikia sasa atasema alikuwa anaita chombo, na mimi ndiye niliyemsemeza.

Mara ya tatu aliita jina mara moja tu. "Nebahat." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

Nikaizima redio.

Nikarudi kwenye maua yangu. Nilijaza, labda, manne au matano. Kisha jahazi likageuka kwa ghafla bakuli likaanguka, na nilipochungulia nje, mdomo wa ghuba ulikuwa mweupe wote. Lodos, upepo wa kusini, na ghuba ya Kumru iko wazi kusini. Yeye kule juu mlimani alikuwa ameuona unakuja.

Nikawasha injini. Lakini kamba ya tezi ilikuwa bado imetushika kwenye jabali, na nanga ya omo inaburuta, jahazi likalala ubavu kwa mawimbi. Nikaikimbilia ile kamba kwa kisu cha jikoni. Kamba nene kama mkono wangu! Nilikata nyuzi, nikalia, nikakata. Fundo lilikuwa limekazwa na mvuto, halifunguki. Wimbi likatunyanyua likatuweka juu ya mwamba, na nikasikia mbao ikipasuka chini ya miguu yangu. Ulikuwa msukani, ule ubao wa nyuma unaogeuza chombo.

Waliotuokoa ni watu wa jahazi jingine lililokuwa mlangoni mwa ghuba. Walikuja na shoka, wakakata kamba, wakatuvuta kutoka mwambani kabla mkuku, uti wa chombo, haujaguswa. Kati ya wageni hakuumia mtu, walikuwa nchi kavu wote.

Rüştü alishuka mlima ule akikimbia. Akaruka majini na nguo zake, akaogelea, akapanda kwa ngazi. Magoti yalikuwa yanamtoka damu. Akaenda tezi kwanza, akainama, akatazama. Kisha akaja akasimama mbele yangu, karibu, kwa mara ya kwanza tangu arobaini ya baba.

"Nilikuita," akasema.

"Nilidhani unaita jahazi."

"Jahazi lina masikio?"

"Sikusikia vizuri. Redio..."

Akaitazama redio. Kitufe kilikuwa kimezimwa. Akanitazama tena, na wala hakupandisha sauti, heri angenipiga.

"Miaka thelathini naitikia jina lako," akasema. "Mchana, usiku, mbele ya watu wanaonicheka. Wewe limekushinda mara moja."

Akaenda kusaidia wale watu na kamba.

Kwa hiyo ndiye aliyesema kwanza. Kwa sheria yetu, nimeshinda.

12 Septemba

Tumekokotwa hadi Bozburun. Wageni wamepelekwa kwenye chombo kingine. Durmuş alinikuta nimekaa jikoni, akaokota maua ya mamumunya sakafuni moja moja. Mikate aliyoleta jana imelowa yote.

"Nimeshinda, Durmuş," nikamwambia.

"Naona," akasema.

25 Septemba

Jahazi liko juu ya nchi kavu, kwenye karakana ya pwani. Rüştü hasemi. Zamani alikuwa hasemi nami kwa makusudi, na makusudi yana joto lake, unajua mtu anakuchukia na kazi inaendelea. Sasa hasemi tu. Nikipita anasogea anipishe, kama unavyompisha mgeni.

Hata ule mnanaa hauna maana tena.

3 Oktoba

Mvua. Mke wa Rüştü kanipita sokoni bila salamu. Ni haki yake.

10 Oktoba

Nimeamua kutia saini. Nimelala na kuamka na jambo hili. Nilijipachika ulinzi wa jahazi la baba, na mikono iliyolipasua ni yangu. Siwezi tena kumlazimisha mtu aende baharini akiitwa kwa jina la mwanamke aliyemzimia redio. Auze. Apumzike. Nimemtuma Durmuş amwambie. Akarudi akasema, "Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Aliendelea kupiga randa."

"Randa ya nini?"

"Nenda ukaone mwenyewe. Mimi nimechoka kubeba maneno, nitafute mzigo mwingine."

Sikwenda.

19 Oktoba

Leo Tayfun alikuja karakana na karatasi zake, mimi nikaja na kitambulisho changu. Rüştü alikuwa chini ya tezi, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Ndipo nikaona randa ni ya nini. Alikuwa anaunda msukani mpya, kwa mbao ya mwaloni, kwa mkono, kama baba.

"Nahodha, msukani wa nini?" Tayfun akamwuliza akicheka. "Linakwenda kwenye nyasi."

"Chombo hakitoki mkononi mwangu kikiwa kilema," akasema Rüştü, hakuinuka.

Tayfun akanipa kalamu. Nikamwambia: "Natia saini, ila nina sharti moja. Jina lifutwe. Limeshamtesa mtu la kutosha. Litafutie jina jingine lolote."

"Lifutwe?" Tayfun akashangaa. "Bibi, jina ndilo ninalolinunua! Nimeshaagiza taa. Herufi nyekundu, kubwa hivi, juu ya mlingoti: Kwa Nebahat. Wanaume wakishalewa raki wanapenda baa yenye jina la mwanamke. Watakuwa wanaambiana, twende kwa Nebahat, jana nililala kwa Nebahat..."

Randa ikanyamaza.

Rüştü akatoka chini ya tezi. Alichukua zile karatasi kutoka mkononi mwa Tayfun, kwa adabu, akazikunja mara mbili akazichomeka kwenye mfuko wa koti la Tayfun.

"Haliuzwi," akasema.

"Nahodha, tulikwisha kubaliana! Kwa sababu ya taa? Ni jina tu."

"Jina tu?" Rüştü akacheka, kicheko kibaya, sijawahi kukisikia kwake. Mafundi wote wakageuka. "Ati jina tu! Niulize mimi, bwana, kama ni jina tu. Mimi hapa, niulize!" Akamshika Tayfun kiwiko akamsindikiza hadi kwenye gari. Alimfungulia mlango, akaufunga mwenyewe, kwa nguvu.

Kisha akarudi chini ya tezi, akashika randa.

Mimi nilikuwa bado nimesimama na kalamu ya Tayfun. Durmuş alikuwa amekwenda zake makusudi, nadhani, kwa hiyo hapakuwa na wa kumtuma. Nikamsogelea.

"Kaka," nikasema. "Siku ile nilikusikia. Tangu mara ya kwanza."

Randa ikaenda, ikarudi. Maganda ya mbao yakaanguka viatuni kwangu.

"Najua," akasema.

"Nimekosa."

Akapiga randa mpaka mwisho wa ubao, akapapasa kwa kiganja, akafumba jicho moja kutazama kama umenyooka. Haukumridhisha, kwa sababu alisonya. Nikadhani sitajibiwa, na nikadhani pia ni haki.

"Unatazama nini?" akasema. "Shika ncha hiyo, ubao unacheza."

Nikashika. Alinikemea mara mbili kwamba nashika vibaya, mara moja kwamba nimesimama kwenye mwanga wake, na ubao ulikuwa mzito kweli kweli. Tulimaliza magharibi.